Upande Uliko Mlima

Weston, Toronto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa jikoni kwangu, koti bado mwilini, maana nikilivua nitapitiwa na usingizi na barua hii haitaandikwa tena. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia kwamba sasa unatembea na fimbo hadi kwenye mfereji wa mfongo na kurudi, na kwamba umeshagombana na jirani kuhusu zamu ya maji. Nilifurahi kusikia hivyo. Mtu akiwa na nguvu za kugombania maji ya kumwagilia migomba, basi amepona. Ng'ombe amezaa? Na kahawa ya mwaka huu imewapa chochote, au mmeambulia kuchoka tu? Mimi mwili ni mzima. Kazi ipo, baridi ipo, na treni ya uwanja wa ndege bado inapita karibu na dirisha langu na kunitikisia vikombe.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Baba, simu ya nyumbani kwetu haina siri. Ikilia, Mama anaiweka spika, Shangazi anasogeza kigoda, na mke wa Kaka anaepua sufuria ili asikie vizuri. Habari niliyo nayo safari hii siwezi kuisema mbele ya baraza lote hilo. Nimefanya jambo la aibu. Anayekuletea barua hii ni mama mmoja wa Uru tunayesali naye, anakuja kula Krismasi kwao. Isome mwenyewe kwa miwani yako. Shangazi akijitolea kukusomea, mwambie ni mambo ya benki.

Unamkumbuka Mzee Basilio, yule Mgoa niliyekuwa namtunza kule Richmond Hill? Nilikueleza kwamba alizaliwa Moshi mjini, akawa karani wa stesheni ya reli, kisha akahamia huku na mkewe, Mama Olinda, watoto wao wakiwa bado wadogo. Amefariki, Baba. Aliondoka mwezi wa kumi, taratibu, mkewe amemshika mkono. Sikuwaambia kwa sababu aibu yangu ilianzia hapo hapo, kwenye mazishi yake.

Mzee Basilio alikuwa na mazungumzo mamoja tu, mlima. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, akasahau majina ya wajukuu na kama ameshakula au bado, lakini mlima haukumtoka. Kila asubuhi nikifungua pazia ananiuliza vile vile tunavyoulizana sisi nyumbani: mlima umetoka? Nami nachungulia dirishani, naona mapaa ya jirani na barabara, namjibu umejifunika, Mzee. Siku jua likiwaka juu ya theluji namwambia umetoka, mweupe wote. Basi hapo anacheka na kukubali kunywa dawa. Ulikuwa mchezo wetu, na sikuona ubaya wake. Dirisha lile lilitazama kaskazini.

Wakati namwogesha au namkanda miguu ndipo alipokuwa akinipa mlima kipande kwa kipande. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba si mlima mmoja bali ni mitatu iliyozaliwa kwa moto, kila mmoja kwa wakati wake. Shira uliwaka, ukazima, ukaporomoka mpaka ukabaki uwanda. Mawenzi nao ukazima, na tangu hapo upepo na maji vinautafuna, ndiyo maana umebaki na meno yale. Kibo ndio wa mwisho, na haujafa, umelala. Alisema kileleni kuna shimo kubwa, ndani ya shimo kuna shimo jingine lenye majivu, na ukisogea pale pua inakutana na harufu ya kiberiti. Aliupanda enzi za ujana wake, akakaribia kufia pale uwandani kati ya Kibo na Mawenzi, pakavu kama jangwa, na bado alisema hakuna mahali alipowahi kufurahi kuliko hapo.

Mimi nilichokuwa nacho ni hadithi ya Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo kila mara hadi Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi. Nikamsimulia. Akafurahi sana, lakini ilikuwa imeisha hiyo, sikuwa na nyingine. Yeye akanieleza jinsi babu zetu walivyochimba mifongo na kuyapitisha maji kwenye mabonde hata kabla Mzungu hajafika. Jinsi wamangi, machifu wa migongo ile, walivyopigana wenyewe kwa wenyewe, Kibosho yetu ikiogopwa na wote, mpaka Wajerumani walipokuja na mizinga. Jinsi mmisionari wa kwanza alivyoandika kwao kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Na jinsi mangi mmoja alivyotuma watu wapande wakamletee ile fedha inayong'aa juu, nao wakaijaza kwenye mifuko, wakafika chini na maji.

Baba, mimi niliyezaliwa pale, ninayejigamba kila harusi na kila ubatizo kwamba mlima ni wetu, nilikuwa nasikiliza kama mgeni. Akiniuliza mto wa kwetu unaanzia wapi, nababaika. Akiniuliza msituni kuna miti gani, namtajia ile ya kwenye kihamba chetu cha migomba. Akiniuliza kama barafu bado ipo, namjibu ipo tele, wakati wewe mwenyewe unajua jinsi ilivyobaki viraka. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mzee yule neno sijui. Niliona kwamba mtu wa Kibosho kumwambia Mgoa hajui mambo ya mlima ni kujivua nguo.

Siku moja nikimkata kucha akaniuliza kama ni kweli wazee wetu walizikwa wakiutazama Kibo. Hapo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na jibu la kweli. Nikamweleza Babu alivyozikwa, na wewe ulivyobishana na katekista mpaka kaburi likachimbwa kwa kuelekea juu mlimani. Akamwita mkewe na binti yao, Lorna, aliyekuja kuwatembelea siku ile. Akasema, tena siku hiyo akili ikiwa imetulia kabisa, kwamba na yeye alazwe hivyo hivyo. Walimkubalia wote wawili.

Alipofariki tukaenda makaburini kuchagua mahali, Mama Olinda, Lorna na mimi. Mtu wa pale akatuonyesha sehemu mbili zilizobaki wazi. Moja ilikuwa karibu na uzio, makaburi yake yametazama jua linakochomoza. Nyingine ilikuwa mbele kidogo, imetazama kaskazini, na mbele yake ardhi imeinuka kakilima. Lorna akauliza mlima uko upande gani. Mama Olinda akasema hata hakuna haja ya kubishana, Felista ndiye mtu wa mlima, aulizwe yeye.

Na mimi, Baba, nikanyoosha mkono. Nilisimama kama mangi mwenyewe, nikanyoosha mkono kaskazini na kusema ni huko. Sikusita hata kidogo.

Sikuwa nadanganya, hilo naomba uliamini. Wewe unajua sisi hatuna mambo ya dira. Kwetu kuna juu na kuna chini. Juu ni mlima, chini ni Moshi na tambarare, mtu anazaliwa, anaoa na kufa kwa maneno hayo mawili. Sasa Toronto nayo imekaa vivyo hivyo. Chini kuna ziwa, kubwa tambarare, na kutoka ziwani ardhi inapanda kuelekea kaskazini. Tangu nilipofika mwili wangu uliamua wenyewe kwamba ziwa ni tambarare na kaskazini ni juu, na kama ni juu, basi ni mlimani. Nikitoka Weston kwenda kazini Richmond Hill nilikuwa najisikia napanda nyumbani. Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza. Na wewe ungeletwa pale ungenyoosha mkono huko huko, tena ungemgombeza mtu wa makaburi kwa kuuliza.

Basi akazikwa miguu kaskazini, ili akiinuka siku ya mwisho aukute mlima mbele yake. Ndivyo padri alivyosema. Watu walilia. Nami nililia, na katikati ya kilio nilijisikia mtu wa maana.

Baada ya misa ya kumwombea tulirudi nyumbani kwa Mama Olinda kula. Rukia naye alikuja, dada wa Unguja anayekaa Flemingdon Park, ambaye tulikuwa tunapokezana naye kumtunza mzee. Saa ya sala ilipofika akaomba mahali safi, akapewa sebuleni. Nikamwona anatandika mswala wake kuelekea kabati la vyombo. Alipomaliza nikamtania kwamba anasalia sahani za watu. Akaniuliza nilitaka asali akitazama wapi. Nikamwonyesha dirishani, nikamwambia Makka si iko karibu na kwetu, na kwetu si huko?

Rukia alinitazama usoni kuona kama bado natania. Akatoa simu yake, akaiweka kiganjani, mshale wa dira ukajizungusha, akanionyesha.

"Makka ni hapa kwenye kabati," akasema. "Kwenu na kwetu ni kulia zaidi, mashariki huko. Huko unakoonyesha wewe, Felista, ni barafu tupu mpaka dunia inageuka upande wa pili. Nani kakwambia ni Moshi?"

Nilikaa chini. Rukia alipoelewa nilichokifanya hakucheka, na ni mtu wa kucheka. Aliniambia niseme mapema, kwa maana jambo kama hili likikaa linaota mizizi. Nikamwitikia, nikaenda jikoni nikaosha vyombo vyote, hata vilivyo safi.

Sikusema. Mama Olinda alikuwa akiniomba kila Jumapili baada ya misa nimsindikize makaburini, nami nilikwenda. Anasimama pale, mwanamke wa umbo dogo ndani ya koti kubwa, anatazama kaskazini kwenye kale kakilima, na anamwambia mumewe habari. "Leo umejifunika, Basilio," anasema. Jumapili nyingine kulikuwa na jua, akamwambia umetoka. Halafu ananigeukia mimi, anataka niitikie. Nami nikaitikia, Baba. Uso unaniwaka kwenye baridi ya kuua, na bado naitikia ndiyo Mama, umetoka.

Ningeendelea hivyo, sijui mpaka lini. Lakini wiki iliyopita aliniambia kwamba Lorna amempangia miadi na mtu wa makaburi Jumanne, akatie sahihi ya mahali pa kuzikwa yeye mwenyewe, ubavuni kwa Basilio, ili na yeye autazame mlima. Alisema hivyo akinikatia keki, kwa sauti ya mtu anayepanga safari nzuri. Keki ilinishinda. Nikaona kwamba mmoja nilimlaza vibaya kwa kutojua, lakini huyu wa pili nitamlaza vibaya huku najua.

Usiku huo na kesho yake nilitafuta jinsi ya kusema. Nikakumbuka isale. Utacheka, lakini isale letu, lile tunalopanda mipakani na kulipeleka kuomba radhi, huku ni ua la ofisini. Linauzwa madukani kwenye chungu cha plastiki, limefungwa utepe mwekundu, watu wanaliweka karibu na lifti. Nikanunua moja, nikalikumbatia ndani ya basi lisipigwe na baridi, nikafika kwa Mama Olinda Jumatatu asubuhi. Nikamkabidhi kwa mikono miwili kabla hata sijavua viatu, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Mkono nilionyoosha, mswala wa Rukia, Jumapili zote zile nilizoitikia.

Nilitazama mikono yake, ilikuwa inalitoa vumbi jani moja, polepole, kama vile ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya.

"Kwa nini hukusema hujui?" akaniuliza.

Nikasema niliona aibu.

"Aibu ya nini? Sisi wote tulikuwa hatujui. Ungesema hujui, Lorna angetafuta kwenye simu palepale, na mume wangu angelala pale kwenye uzio." Akakiweka chungu mezani. "Na mimi nimekaa Moshi miaka mingi, Felista. Najua hiki ni nini. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Umeniletea hiki ili nisiwe na la kusema."

Baba, hapo ndipo aibu iliponipata sawasawa. Alisema kweli. Nilijiambia nampelekea heshima, lakini moyoni nilijua kwamba akishalipokea atabanwa na mila, na mila yenyewe si hata yake. Nikamwambia nitaliondoa, nitarudi siku nyingine mikono mitupu, anitukane anavyotaka. Akasema liache, litakufa njiani, halina kosa.

Akanywa chai yake. Nikabaki nimepiga magoti mpaka akaniambia niinuke, magoti yangu si ya msichana. Kisha akasema Jumanne atakwenda kutia sahihi vile vile, pale pale. Nikashtuka, nikafikiri hajanielewa. Akaniambia amenielewa vizuri sana. Yeye alizaliwa Tanga, akamfuata Basilio Moshi, akamfuata tena huku kwenye baridi, na mara zote mbili hakuuliza ni upande gani. Hawezi kuanza kuuliza sasa. Kumfukua mtu hataki, na kumweleza Lorna ni kazi yake yeye.

"Lakini Basilio hajui," akasema. "Mimi sitamwambia. Utakwenda wewe."

Nilikwenda Jumanne, wao wakiwa ofisini wanatia sahihi. Hakukuwa na mtu. Theluji ilikuwa imefunika majina, nikamtambua kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa mstari, maana jiwe lake bado halijawekwa. Nilijisikia mjinga, mtu mzima na koti, nasema na ardhi kwa Kiswahili. Nikamwamkia. Nikamwambia Mzee, mimi ni Felista, nimekuja kukuambia kwamba sikujua. Mito sikuijua, miti sikuijua, barafu inakwisha, na mlima nilikuelekeza vibaya. Si huko unakotazama. Nikamzunguka, nikasimama upande wa mkono wake wa kulia ili asipate taabu, nikamwambia ni huku, Mzee, geuza shingo kidogo tu.

Sasa, Baba, nina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza, nieleze kama isale lililopokelewa hivyo limepokelewa au la, kwa sababu Mama Olinda analimwagilia na kuniita nije kula kama zamani, lakini neno la kunisamehe hajalitamka, nami sithubutu kuliomba. Nijibu kwa barua, usinijibu kwa simu. La pili, niandikie majina ya mito, kuanzia unaopita kwetu, na unaanzia wapi kule juu. Ule usioujua uache.

Nisalimie Mama, mwambie mtandio alionitumia naufunga kila siku ndani ya kofia. Msalimie Kaka, na mkewe mwenye masikio marefu, nampenda hivyo hivyo. Shangazi mpe shikamoo yangu na sukari aliyobeba mama wa Uru, labda atasahau kuuliza habari za benki. Jirani wa mfongo naye msalimie, hata kama hamsemezani. Watoto wa Kaka waambie shangazi yao anawakumbuka.

Na najua jinsi Mama alivyo. Jioni akitoka nje kutupa maganda atakuuliza Felista yuko upande gani wa dunia. Nakuomba sana, Baba, usimnyooshee mkono. Mwambie hujui.

Wako mtiifu, binti yako,

Felista